Simu Iliyotangaza Viuno

Lalamiko la kwanza liliingia Jumatatu saa tatu asubuhi, Nukta akiwa na kipande cha mkate mdomoni. Ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja, jamani! Mtu anaweza kuoga, kuvaa na kufika kazini, mwenzake akiwa bado analalamika.

"Mwanangu," ilianza sauti ya Mama Pindo, mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani, "nimekaa nikawaza, nikuambie au ninyamaze? Nimeona nikinyamaza nitapasuka. Simu yako imenitukania mteja."

Nukta si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na dada yake utotoni, kwa kuwa alikuwa hawezi kumwacha mtu aseme "karibu kumi" bila kumuuliza ni tisa nukta ngapi. Akakua hivyo hivyo, akaolewa hivyo hivyo. Miaka sita alifanya kazi katika ofisi ya bima, akikokotoa uwezekano wa watu asiowajua kuanguka kwenye ngazi. Kisha siku moja akaaga, akarudi nyumbani, akapangusa meza ya kulia chakula na kuanza kutengeneza programu yake mwenyewe ya simu, kwa ajili ya mafundi wa nguo. Fundi anaandika vipimo vya mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na simu inavitunza. Hakuna tena daftari la kupotea, wala mafuta ya cherehani kumwagikia jina la mtu, wala panya kutafuna nyonga za mteja.

Aliifanya peke yake. Bosi yeye, mfanyakazi yeye, mfagiaji yeye. Mafundi sitini walikuwa wakiitumia, na hamsini kati yao walikuwa wa chama cha Mama Pindo. Sitini unaona wachache? Nukta aliwajua mmoja mmoja, na kila asubuhi aliamka akafungua kompyuta kuona kama wote bado wapo, kama mtu mwenye kuku.

Sasa sikia kosa lake. Wiki mbili nyuma alikuwa ametoa toleo jipya, na kwa toleo hilo alijisifu mpaka mumewe akaanza kuchelewa kurudi kutoka shuleni. Alikuwa amefikiri hivi: fundi akipima, mikono imeshika futi na mdomo umebana pini, ataangaliaje kioo cha simu? Basi simu na iseme. Fundi akiingiza namba, simu inaitaja kwa sauti, asipobonyeza "sawa" inairudia. Sauti aliirekodi mwenyewe, akiwa amejifungia kabatini katikati ya makoti na mablanketi ili isitoe mwangwi, moja hadi mia mbili, pamoja na nusu na robo zake. Akaiweka juu kabisa, kwa kuwa vyerehani vina kelele. Kitufe cha kuzima hakukiweka. Watu ukiwapa kitufe cha kuzima, alisema, watazima. Na kwa kuwa yeye ni Nukta, akaongeza na kikolombwezo: simu ilinganishe kipimo cha leo na cha mara ya mwisho, kisha itangaze tofauti.

"Mama wa bibi harusi," Mama Pindo aliendelea. "Amekuja na wakwe wapya, watu watatu, wamekaa kwenye benchi langu wanakunywa soda. Namzungusha futi. Simu yako ikasema, kwa sauti ya kuitia teksi, 'Nyonga: inchi hamsini na mbili. Zimeongezeka inchi nne na robo.' Na robo, mwanangu! Hiyo robo ilikuwa ya nini? Yule mama akachukua kitambaa chake, akakikunja vizuri, akaondoka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimemshonea miaka kumi na tisa."

Hapo Nukta akamsikia anapenga kamasi. Kisha likaja la kuja. Jumamosi chama kinakutana, wenzake wanataka kurudi kwenye madaftari, na yeye hataweza kuwabishia.

Siku hiyo ilikuwa ni mvua ya maneno. Mmoja aliandika kwamba mteja wake ameuliza hiyo simu ni wifi yake, au? Mwingine alisema sasa anapimia wateja uani na simu ameifunika kwa sufuria. Kola, fundi wa suti, mtu asiyepoteza uzi wala neno, alituma hivi: "Mwalimu mkuu. Tumbo. Mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Sina zaidi."

Mumewe, mwalimu wa jiografia, aliusikiliza ujumbe wa Mama Pindo wote, amesimama, mkoba begani.

"Namba ni namba," Nukta akasema. "Mimi sikumnenepesha mtu."

"Mlima nao una kimo chake," mumewe akasema, "na ukiutangaza hauoni haya. Lakini mlima hauna wakwe."

Nukta akanuna. Ndani ya kununa kule kulikuwa na hofu, nami sitamfichia. Bosi wake wa zamani alikuwa amempigia: kiti chako bado kipo, lakini mwisho wa mwezi nakipa mtu. Mafundi hamsini wakiondoka, hakuna programu. Atarudi kwenye kile kiti, akokotoe tena ngazi za watu. Na hii ilikuwa kazi ya kwanza maishani aliyoipenda mpaka akiwa jikoni anatabasamu mwenyewe. Hakutaka kurudi. Alijaribu kujiambia hajali, akashindwa.

Jumanne akaenda mwenyewe kwenye chumba cha Mama Pindo, akaone hao wanaotukanwa na namba.

Chumba kilikuwa na vyerehani sita, meza ndefu ya kukatia, pasi mbili, mifano ya karatasi imetundikwa misumarini, na kioo kirefu kilichozungushiwa pazia. Kwenye benchi wateja wanne walikuwa wakisubiri zamu. Wa nne, ole wake Nukta, alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke aliyejaliwa ulimi kuliko haja.

"Shikamoo, mama," Nukta akamwambia Mama Pindo, na kabla hajaitikiwa vizuri akaanza kujitetea. Kwamba kipimo sahihi ndicho nguo sahihi. Kwamba watu wazima hawawezi kuogopa namba. Mama Pindo, mwanamke mfupi mwenye pini kifuani kama nishani za jemadari, alimsikiliza mpaka mwisho, akichomeka uzi kwenye sindano.

"Sawa," akasema. "Simama hapa, nikupime."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza humu kwenye simu. Umesahau? Siku ile unanifundisha, ulijiandika mwenyewe iwe mfano."

Nukta akaangalia mlango. Hakuwa amesahau. Siku ile, kwenye nafasi ya kiuno, aliandika ishirini na saba. Haikuwa ishirini na saba. Haikuwahi kuwa ishirini na saba tangu akiwa sekondari. Aliandika tu, nani angehangaika kupima? Huyo ndiye mama wa namba ni namba, mnamwona?

Akataka kusema ana haraka, lakini wifi yake alikuwa keshasogea kwenye benchi ili aone vizuri. Futi ikapita nyuma, ikarudi mbele. Mama Pindo akabonyeza. Na chumba kizima kikasikia sauti ya Nukta mwenyewe, safi, isiyo na mwangwi, kutoka kabatini moja kwa moja:

"Kiuno: inchi thelathini na nne. Kimeongezeka inchi saba."

Cherehani kimoja kikasimama. Kingine kikasimama.

"Saba?" wifi akasema. "Kaka alisema anakulisha vizuri, mimi nikadhani anajisifu."

Benchi lote likaangua kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka akavua kilemba ajipepee.

"Izime, mama," Nukta akanong'ona.

"Haina pa kuzima, mwanangu. Nilikuuliza, ukasema tutazima."

Na kwa kuwa hakuna aliyebonyeza "sawa", simu ikarudia. Kiuno, inchi thelathini na nne. Ikarudia tena. Nukta akaipokonya akaikalia, na hata hapo ikaendelea kumtangaza kutoka chini yake mwenyewe. Wifi yake aliteleza kutoka kwenye benchi, akakaa sakafuni, machozi yanamtoka. Haki ya nani, huyo wifi hakuwa na cheko kama lile tangu siku ya harusi yao.

Nukta hakucheka. Alitamani sakafu ipasuke. Uso ulimwaka, masikio yalimwaka, na kilichomuuma zaidi ni kuwa hakuna aliyesema uongo. Akamkumbuka yule mama aliyekunja kitambaa chake akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akamwonea huruma badala ya kubishana naye kichwani.

Wateja walipokwisha, Mama Pindo akamvuta nyuma ya pazia, akamkalisha kwenye kigoda, akampa maji.

"Sisi hatutaji namba," akasema. "Tangu aliyenifundisha, na aliyemfundisha yeye. Mteja akiuliza ngapi, unamwambia moja pungufu. Ukienda kukata, unakata moja zaidi. Tunaiita inchi ya heshima. Anafika nyumbani, nguo imemkaa, anajiona amepungua. Anaimba akipika. Sasa niambie, hapo nani kaumia?"

"Lakini ni uongo, mama."

"Ni uongo," Mama Pindo akakubali, bila shida yoyote. Kisha akafungua droo akatoa daftari lake la zamani, lenye jalada lililofungwa kwa utepe wa bitana. Akalishika mwenyewe, akaziba majina kwa kidole gumba, akamwonyesha ukurasa mmoja.

Nukta alitegemea namba. Namba zilikuwepo, lakini zilikuwa zimebanwa kwenye kona. Ukurasa uliobaki ulikuwa maneno, kwa penseli. *Ana mimba, hajamwambia mtu, acha nafasi. Bega la kushoto limeshuka kwa kubeba ndoo, liinulie kwa pedi, asijue. Huyu akipimwa huvuta tumbo, mchekeshe kwanza ndipo upime. Amepungua sana. Usimsifie. Mpe kiti.*

"Haya ndiyo tunayoshonea," Mama Pindo akasema. "Inchi hata mtoto anazisoma. Kwenye programu yako haya sikuona pa kuyaweka, nikawa naendelea kuandika humu kwa kificho, nakuonea aibu."

Nukta alirudi nyumbani kwa hatua za haraka, akaketi kwenye meza ya chakula, akafungua kompyuta. Kwanza akaiua ile sauti. Hakuipunguza, hakuiwekea kitufe. Aliifuta yote, moja hadi mia mbili, na nusu zake na robo zake. Ule ulinganisho akautupa humo humo. Kisha akatengeneza nafasi mbili za kipimo badala ya moja: *ya kusema* na *ya kukata*. Hapo, msomaji wangu, mumewe alimkuta ameshika kichwa.

"Kuna nini?"

"Nafundisha mashine kusema uongo," Nukta akasema. "Na nataka iseme uongo sahihi. Ikiwa kiuno ni thelathini na nne na nusu, unasema thelathini na tatu na nusu, au unaishusha mpaka thelathini na tatu?"

"Mimi ningesema ishirini na tisa," mumewe akajibu, akaenda kuchemsha chai. Mtu alioa akijua, yule.

Mwishowe akaweka na ukurasa mtupu kwa kila mteja, mpana kuliko namba zote, akauita *maneno ya pembeni*. Siku mbili alifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, kila mara akimpigia Mama Pindo. Hapa hivi? Hapana, mwanangu, penseli haina kikomo cha herufi, toa hicho kikomo. Akakitoa. Alhamisi akamtumia ajaribu, na Mama Pindo, kwa vidole viwili, akaanza kuhamisha wateja wake kutoka kwenye daftari.

Ijumaa mchana Nukta akatazama kama maneno yanafika salama. Kila kilichoandikwa kwenye simu za mafundi kilitunzwa nakala yake kwenye kompyuta ya Nukta, ili simu ikipotea vipimo visipotee nayo. Akafungua orodha. Yalikuwa yamefika, mstari kwa mstari. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mistari tu, akiona imetimia afunge. Lakini mstari wa juu kabisa ulikuwa wa mteja namba moja.

Wewe ungefanyaje? Usinidanganye. Nukta akasoma.

*Anapumua juu juu, mtu anayengoja kufukuzwa. Ametufanyia kazi kubwa na hajui. Mwambieni kazi yake ni nzuri, ya mwili mwacheni. Gauni nitakalomshonea, mgongoni niongeze inchi mbili, apate pa kuchekea.*

Akasoma tena. Kisha akasimama akaenda dirishani, akasimama huko bila kuangalia kitu, akalia kidogo, kile kilio cha kushtukiza kisicho na maandalizi. Hakuna mtu aliyekuwa amemtazama hivyo siku nyingi. Aliporudi kufunga, jicho likateleza mstari mmoja chini zaidi, *anapenda kusifiwa shingo*, akafunga haraka.

Jumamosi saa nane chumba cha Mama Pindo kilijaa pomoni. Mafundi walikalia vigoda, meza ya kukatia, hata majora ya vitambaa. Mumewe alikuja kumtia moyo, wakampa nafasi karibu na pasi. Wifi naye alikuwepo, eti amefuata gauni lake, lakini gauni lilikuwa tayari tangu Alhamisi na kila mtu alilijua hilo.

Nukta aliwaonyesha toleo jipya. Simu ilikaa kimya, na ukimya ule ulipigiwa makofi. Aliwaonyesha *ya kusema* na *ya kukata*, wakapiga vigelegele. Alipowaonyesha ukurasa wa *maneno ya pembeni*, hawakupiga chochote. Walitazamana. Fundi mmoja mtu mzima akatoa miwani akaifuta. Nukta akajua amewapata.

Ndipo Kola akasimama, futi shingoni, chaki sikioni.

"Swali moja, binti. Haya maneno ya pembeni. Wewe ukiwa kwako, unayaona?"

Wote wakamgeukia Nukta. Neno "hapana" lilikuwa fupi, jepesi, na lingemaliza mambo. Hakuna ambaye angejua milele. Wiki nzima Nukta alikuwa amefundishwa uongo wenye adabu, na akaupenda. Lakini huu ungekuwa na adabu gani? Akamwangalia mumewe, mumewe akaangalia pasi. Akakiona kile kiti cha ofisi ya bima, na magurudumu yake yanayolia.

"Ninayaona," akasema. "Na nimeshasoma."

Salale! Nyumba ya nyuki imerushiwa jiwe. Wote wakasema pamoja. Mmoja akaanza kufuta programu pale pale, akakosea akafuta kikokotoo.

"Umesoma ya nani?" Mama Pindo akauliza, na sauti yake peke yake ndiyo iliyosikika.

"Yangu, mama. Yangu tu. Na nyingine mstari mmoja, kwa bahati mbaya, mtu tu anayependa kusifiwa shingo, nikafunga."

Mkono wa wifi yake ukaenda shingoni.

Ukaenda wenyewe, wala hakuutuma. Watu hamsini wakauona ukienda, na wifi akawaona wakiuona, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea akakosa la kusema. Nukta alijua ameropoka kabla hajafunga mdomo. Alitamani kuyameza maneno yale pamoja na ulimi wenyewe.

"Mmeona?" Kola akasema taratibu. "Hana ubaya, huyu binti. Ni mkweli na ana huruma. Na bado limemtoka. Mimi nimeandika siri za wanaume mia mbili. Daftari langu halina mdomo. Narudi kwa daftari langu."

Wengi wakaitikia. Nukta alisimama katikati, mikono inaning'inia, akaona hata kujitetea hana pa kuanzia, kwa sababu Kola amesema kweli tupu. Akageuka kwa wifi yake. "Wifi, nisamehe. Mbele za watu nimekukosea, mbele za watu nakuomba radhi."

"Kwani shingo yangu ina ubaya gani?" wifi akauliza, sauti ndogo.

"Haina," Kola akajibu, akiwa amejisahau kidogo. "Shingo nzuri. Kola yoyote ingekaa."

Kicheko kikapita chumbani, chembamba, kikapunguza joto. Mama Pindo akakitumia.

"Mwanangu. Unaweza kuifunga, hata wewe usione?"

Nukta akafikiri. Alifikiri kweli, kwa namna yake, mpaka kwenye nukta. "Naweza. Kila fundi ataweka neno lake la siri. Maneno yatatoka kwenye simu yake yakiwa yamevurugwa, na kwangu yatafika yamevurugwa. Lakini nikifunga, nimefunga. Fundi akisahau neno lake, maneno yake ndiyo basi. Hata mnipigie mkilia, sitaweza kufanya lolote."

"Daftari langu la mwaka juzi lilitumbukia kwenye beseni la kulowekea," Kola akasema. "Nilimpigia nani?"

"Basi akae, afunge," Mama Pindo akasema. "Hapa hapa, tunamwona."

Wakamsogezea kigoda kwenye meza ya kukatia, akafungua kompyuta kati ya mkasi na vipande vya chaki. Ilimchukua saa mbili na nusu. Mafundi hawajui kusubiri mikono mitupu: kila mmoja akachukua kilichokuwa karibu akaanza kukishona, pindo hapa, kifungo pale, na wateja kadhaa wa Mama Pindo walipata nguo zao kabla ya siku yake bila kujua kwa nini. Mumewe alipewa shati apige pasi, akaliunguza ukosi, akanyang'anywa. Kila baada ya muda mtu alikuja kusimama nyuma ya Nukta na kutazama mistari ikiongezeka, asielewe hata mmoja, akatikisa kichwa kama anayekagua mshono.

Alipomaliza, wakaweka maneno yao ya siri, kila mtu amegeukia ukuta wake. Kola akaandika kitu kwenye simu, akaja kuinamia kompyuta ya Nukta. Kwenye kioo ulitokea mstari wa herufi zisizo na mbele wala nyuma.

"Soma."

"Siwezi."

"Jitahidi."

"Kola, siwezi. Hakuna anayeweza. Hata ningekaa nao mpaka nizeeke."

Kola akaurudia mtihani ule mara tatu, na kila mara alizidi kufurahi, mtu mzima yule. Kisha Mama Pindo akauliza nani anataka chama kibaki na programu, na mikono ikanyooka, mingine na sindano ndani yake, mmoja na pasi. Mkono wa Kola ukawa wa mwisho, lakini ulinyooka mpaka juu. Nukta akahesabu. Arobaini na tisa. Akahesabu tena, maana hesabu haikutimia, mpaka Mama Pindo alipomwambia kwamba mwenyekiti hapigi kura.

Ndipo akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka.

Watu walipokuwa wakitoka, wifi yake alimpita mlangoni, gauni mkononi, shingo imenyooka kidogo kuliko kawaida. "Tutaongea," akamwambia, lakini alimbana kiwiko alipolisema.

Nukta akageuka kuchukua kompyuta, akamkuta Mama Pindo amesimama kando ya meza, ameshika simu, anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukiwekea mkasi. Kisha akaanza kuandika kwa vidole vyake viwili. Akaandika, akafikiri, akaandika tena. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa mteja namba moja ukaanza kurefuka. Ukawa mistari mitano. Ukawa minane. Herufi tupu, zimevurugwa barabara, kazi safi ya mikono yake mwenyewe.

Nukta akaikodolea macho. Aliitaka ile mistari kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Mama," akasema, "umeandika nini?"

Mama Pindo akaitia simu kwenye mfuko wa aproni.

"Njoo Jumanne, gauni lako litakuwa tayari," akasema. "Ukilivaa utajua."

Nukta akafunga kompyuta, akamwita mumewe, wakaenda nyumbani.